Dadi Mbonde na Mpiga Solo Mgeni

Mtu akiingia dansini humtazama mwimbaji, au mpiga solo, au akina dada wanaonengua mbele. Mpiga besi hatazamwi. Husimama nyuma karibu na spika, hana tabasamu wala mikogo, na kesho yake ukiuliza besi alipiga nani, watu hukuna vichwa. Hivyo ndivyo alivyoishi Dadi Mbonde wa Kibiti kwa zaidi ya miaka ishirini katika bendi ya Mpunga Jazz, na hakuna aliyepata kumsikia akilalamika. Yeye hakutaka kutazamwa. Alikuwa na mtu wake wa kumtazama, Mtoro mpiga solo, na hilo lilimtosha.

Dadi alizaliwa Mtunda, kwa wakulima wa mpunga na mikorosho, akapata kazi ya kupima korosho kwenye ghala la ushirika pale Kibiti. Enzi hizo ushirika ulikuwa ushirika kweli: una malori, una mabwana shamba, na una bendi. Shirika lisilo na bendi wala timu ya mpira lilionekana kama bwana harusi aliyekuja pekupeku. Vyombo vilipoletwa kutoka Dar es Salaam, vijana wote walilikimbilia gitaa la solo. Dadi alichelewa kwa sababu alikuwa anafunga magunia. Alipofika, mwili mzima vumbi la korosho, akakuta limebaki gitaa moja nene lenye nyuzi nne ambalo hakuna aliyelitaka. Akalichukua hilo hilo. Wenzake wakamcheka kwamba amepewa boriti, na kwa jinsi alivyolishika siku ile, hawakukosea sana.

Aliyelipata gitaa la solo alikuwa Mtoro, kijana wa delta, mwana wa wakata mikoko wa Salale, aliyekuja Kibiti kuuza nguzo akasahau kurudi kwao. Huyu alikuwa mtu wa haraka kupita kiasi. Alikula wali ukiwa bado unafuka moshi. Alimwoa Sihaba kabla wazee wake hawajamaliza kuulizana huyo Sihaba ni binti wa nani. Akisimulia kisa alikimbilia mwisho wake, halafu ikambidi arudi nyuma kueleza kilichotangulia. Na gitaa alilipiga vivyo hivyo. Vidole vyake vilikuwa na utamu ambao sijui niuelezeje. Mtu aliyechoshwa na jembe tangu alfajiri, akimsikia Mtoro anaanza tu, uchovu aliusahau. Lakini kungoja, Mungu hakumjalia.

Wimbo uliowapa jina Mpunga Jazz uliitwa "Zamda Shuka." Unamhusu binti anayelinda mpunga juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu cha shambani, na mpenzi wake yuko chini anambembeleza ateremke. "Zamda shuka dunguni, ndege wamekwisha lala." Beti zake ni za taratibu. Kisha huja kipande ambacho wanamuziki wanakiita chemko, pale wimbo unapoacha kusimulia na kuanza kuchezesha. Mpiga drams hutembeza fimbo zake kwenye ngoma zote, kutoka ndogo hadi kubwa, na akimaliza, solo na besi huingia pamoja. Ndivyo wimbo ulivyotungwa, na Mtoro hakuuheshimu utaratibu huo hata siku moja. Drams ikiwa ndiyo kwanza inaanza kutembea, yeye amekwisha ingia.

Mara ya kwanza alipofanya hivyo mbele za watu, wimbo ulitaka kuanguka. Dadi aliona bega la Mtoro linainuka, akajua huyu bwana anaondoka sasa hivi, na bila kufikiri akaruka naye. Besi ikaingia pamoja na solo, drams ikakatiza safari yake ikawafuata, na wachezaji wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Tangu hapo Dadi alipiga besi jicho lake likiwa kwenye lile bega. Kosa la mtu mmoja likawa la wawili, la wawili likawa la bendi, na hatimaye likawa la Kibiti nzima. Maana mtindo wao uliitwa Kunja Mkeka: chemko likiingia, ukumbi wote huinama kwa pamoja, mikono mbele, kama watu wanaokunja mkeka baada ya wageni kuondoka. Kuanzia Chumbi hadi Mtunda watu walijifunza kuinama mapema, pale anapoingia Mtoro. Mgeni aliyeinama mahali pa haki alichekwa.

Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara ikawa huria. Mitumba ikajaa minadani, redio za kaseti zikaingia kila kijiji, Ikwiriri wakafungua banda la video, na ushirika ukafa kifo cha polepole ambacho hakuna aliyekitangaza. Dadi akabaki bila mizani wala magunia, akaanza kutengeneza baiskeli kwenye kibanda cha makuti karibu na stendi. Vyombo vya bendi viliachwa mikononi mwa wapigaji, kwani hakuna mwingine aliyevitamani. Lile ghala la korosho likachukuliwa na mfanyabiashara mmoja, Hashimu, akalipaka rangi, akaweka jukwaa la mbao, akaliita ukumbi. Kwa hiyo Dadi akawa anapiga besi pale pale alipokuwa akipima korosho. Mtoro hakuiacha nafasi hiyo ipite bure. Kabla ya kila wimbo alimgeukia akapaza sauti: "Dadi, umelala? Pima hiyo!" Watu wakawa wanayasema maneno hayo pamoja naye.

Mwaka wa mvua za El Nino, Mtoro akaugua ini. Sihaba alimpeleka Dar es Salaam kwa ndugu zake, kwa lori la mwisho kabla barabara haijakatika. Baada ya hapo madaraja yalizolewa, mashamba yakawa maziwa, na Kibiti ikabaki kisiwa. Dadi alikuwa anaziba pancha ya mteja siku redio ya jirani iliposoma matangazo ya vifo. Akalisikia jina la Mtoro, na kwamba maziko yamekwisha fanyika huko huko Temeke. Akaendelea kuziba pancha. Alipomaliza aliijaza upepo, akamkabidhi mwenyewe baiskeli yake, ndipo akakaa chini, na kusimama tena akashindwa.

Hitma walisoma pale Kibiti, lakini ilikuwa hitma ya watu waliolowa, bila kaburi, bila mjane, na bila watani. Hili la watani lazima nilieleze. Wandengereko, watu wa akina Mtoro na Dadi, na Wamatumbi ni watani tangu mababu. Kwenye msiba, mtani haji kulia tu. Anakuja kumwiga marehemu: anavaa nguo zake, anatembea kwa mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, anataja ulafi wake au uchoyo wake mbele ya wafiwa, mpaka yule aliyekuwa hali wala halali acheke bila kupenda. Wafiwa wakishacheka na kulia wakatosheka, humpa mtani kitu, aghalabu kuku, wakamwambia basi, mwache mtu wetu aende. Mtani akizivua zile nguo, watu wanajua msiba umekwisha. Sasa milima ya Wamatumbi iko ng'ambo ya mto, na katika mvua zile pantoni la Ndundu lilikuwa halivuki. Hakuna mtani aliyefika, na Mtoro akawa amekufa bila kuigwa.

Kipupwe kilipoingia na barabara kupitika, Haidari, mwimbaji na kiongozi wa bendi, alikwenda upande wa Kilwa kutafuta mpiga solo. Akarudi na Kondo, Mmatumbi wa Kipatimu, mtu mzima mwenye ndevu chache na maneno mengi. Kondo alikuwa fundi wa gitaa. Hata Dadi hakulikataa hilo. Alipiga kwa utulivu, kila sauti ikisikika peke yake, na nyimbo nyingine zote walielewana vizuri. Mgogoro ulikuwa kwenye "Zamda Shuka." Wakifika kwenye chemko, Dadi anaruka mapema, drams inamfuata Dadi kama ilivyozoea, na Kondo anangoja mpaka mahali pa haki ndipo anaingia. Hapo wimbo unajikwaa na kila mmoja anamtazama mwenzake.

"Kondo, ingia pale anapoingia Dadi, yaishe," Haidari alimwambia siku moja mazoezini.

"Pale siingii," Kondo akajibu. "Pale pana mwenyewe."

"Mwenyewe si kafa," akasema mpiga drams.

"Najua kafa. Ndiyo maana siingii."

Dadi aliyasikia maneno hayo kama kiburi cha mtu wa kuja. Haidari akamgeukia yeye. "Basi wewe ungoje, bwana Dadi. Kwa haki Kondo yuko sawa. Sisi ndio tuliokuwa tunamfuata marehemu."

"Ningoje nini?" Dadi akauliza. "Wimbo ndivyo ulivyo. Toka nje uulize Kibiti nzima."

Ukweli ni kwamba alikwisha jaribu kungoja. Nyumbani kwake, peke yake, bila amplifaya, aliuimba wimbo kwa mdomo huku kidole kiko juu ya uzi, na kila akifika pale kidole kiliruka chenyewe. Na kilipokuwa kinaruka, kwa kitambo kidogo tu, alimhisi Mtoro yuko pembeni yake ameinua bega. Hakumwambia mtu jambo hilo. Watu wengine walikuwa na kaburi la kwenda kufagia. Yeye alikuwa na hicho kitambo kidogo, na huyu Mmatumbi na utulivu wake alikuwa anakiziba kila siku. Dadi alimchukia kwa sababu hiyo, na moyoni alijua kwamba Kondo hakumkosea chochote.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, Haidari aliwaita wote ukumbini. Hashimu alikuwa amekwisha sema kwamba bendi inayojikwaa haitaki. Ana watu wa disko wanaolitaka jukwaa hilo. Bendi itafunga vyombo mwezi mzima kama desturi, na dansi la kwanza litakuwa Idd Pili, mchana, Kibiti nzima ikiwepo.

"Siku hiyo 'Zamda' itapigwa," Haidari alisema. "Kama hamjakutana, mmoja wenu ataondoka. Na bwana Dadi, nakwambia mapema nisije nikaonekana nimekuvizia. Hatakuwa Kondo."

Dadi akainuka. Alilifunga gitaa lake kwenye kanga kuukuu ya mkewe, akalibeba kwenda nyumbani. Njia nzima alijiuliza mtu aliyetolewa kwenye mizani ya korosho, kisha akatolewa kwenye besi, anabaki kuwa nani. Mwenye baiskeli akipata pancha humtafuta fundi baiskeli, siyo Dadi Mbonde.

Mkewe, Ashura, alikuwa mwanamke wa kusuka mikeka na kusema yaliyo moyoni mwake, kazi mbili alizozifanya kwa wakati mmoja. Ilipofika katikati ya mfungo alimwalika Kondo futari, maana mgeni asiye na mke hafuturu peke yake kwenye mji wenye watu. Dadi alinuna, lakini kumfukuza mtu kwenye futari hakuweza. Kondo alikaa mkekani, akanywa uji, akatazama sinia ya mihogo na samaki, akaanza utani wake.

"Nyie Wandengereko mna bahati. Samaki mnaletewa na mafuriko hadi mlangoni. Sisi wenzenu tunafanya kazi."

Utani ukitolewa hujibiwa. Hata watoto wanajua. Dadi akamega muhogo, akatafuna, akatazama ukuta. Ashura aliona haya kwa niaba yake.

"Kazi gani, ewe Mmatumbi?" akasema haraka. "Kupanda mlima asubuhi na kuteremka jioni? Hata mbuzi wanafanya."

Kondo alicheka, kisha kicheko kikamwisha. Akamgeukia Dadi. "Mtani wangu huyu hanijibu," alisema. "Kwani marehemu Mtoro alipofariki, upande wetu alikuja nani?"

"Hakuja mtu," Ashura alisema. "Mto ulikuwa umefura. Mjane mwenyewe alirudi hapa keshatoka eda."

"Hakuna aliyemwiga?"

"Nani amwige?"

Kondo akaweka kikombe chini. Akauliza marehemu alikuwa akitembeaje, akicheka vipi, alikuwa na ila gani. Ashura akamweleza: alikwenda kiwiliwili kimetangulia miguu, alifuta jasho kwa bega, alipandisha suruali kila mara hata kama haikushuka. Dadi akanyanyuka kwenda kuswali kabla maelezo hayajaisha. Aliporudi, mgeni alikuwa amekwisha aga. Siku chache baadaye Ashura alimpeleka Kondo kwa Sihaba, na walichozungumza huko hakumwambia mumewe.

"Baba Mwanabaraka," alimwambia tu usiku wa kuamkia sikukuu, akimpigia pasi shati, "wewe huna ugomvi na Kondo. Mwenzio alikufa mbali, hukumzika, nawe umekataa kumzika mpaka leo."

"Lala, mke wangu," Dadi alisema. Alijua mkewe amesema kweli, na hakuona la kufanya na ukweli huo.

Idd Pili ikafika. Baada ya adhuhuri watu walianza kumiminika ukumbini, nguo mpya zikinuka udi, wengine kwa baiskeli kutoka Mtunda, wengine kwa malori kutoka Ikwiriri na Chumbi. Sheikh alikuwa amelaani dansi kwenye hotuba, kama alivyolaani kila mwaka, na watu walimsikiliza kwa adabu wakaenda zao. Hashimu alisimama mlangoni akihesabu vichwa kwa macho. Sihaba alikuja na wanawake wa ukoo, akakaa kiti cha mbele, miguuni kwake kapu lenye kawa juu. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana hadharani tangu afiwe, na Dadi akashuka kumpa mkono wa Idd.

"Shemeji, umekuja."

"Nimekuja, shemeji. Leo kapige vizuri."

Wapigaji walipanda jukwaani isipokuwa Kondo. Haidari akamwita kwa kipaza sauti. Kwanza watu waliokuwa karibu na mlango wa pembeni walinyamaza, kisha walio nyuma yao, kisha ukumbi wote. Kondo alikuwa anakuja akiwa amevaa shati la kitenge cha buluu ambalo kila mtu Kibiti alilijua, shati la Mtoro la jukwaani. Alikuja kiwiliwili kimetangulia miguu. Akajikwaa kwenye ngazi, kama Mtoro alivyojikwaa siku zote. Akafuta jasho kwa bega. Akapandisha suruali.

"Adabu hiyo?" mtu mmoja alipiga kelele. "Mtu amekufa yule!"

Dadi aliona giza. Alishika waya wa gitaa lake auchomoe, ashuke, aende nyumbani, na bendi ife kama ushirika ulivyokufa. Kondo akamgeukia, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya Mtoro, ile ile ya kukimbilia:

"Dadi, umelala? Pima hiyo!"

Pale mbele pakasikika kicheko. Alikuwa Sihaba. Alijaribu kukiziba kwa upande wa kanga, kikamshinda, akacheka huku machozi yakimtiririka, na mwanamke mmoja aliyekuwa naye akapiga kigelegele. Watu wazima ndio walioelewa kwanza. "Mtani huyo," mzee mmoja aliwaambia waliokuwa wamekasirika. "Mmatumbi huyo. Mwacheni afanye kazi yake." Neno likapita kutoka benchi hadi benchi.

Dadi akaushikilia waya wake bila kuuchomoa. Haidari hakungoja zaidi, akaanza "Zamda Shuka."

Kondo aliupiga ule wimbo kwa mkono wa marehemu. Alipiga utamu wake na alipiga makosa yake yote. Alikimbilia mwisho wa kila mstari, akaruka sauti alizozoea kuziruka Mtoro, na katikati ya ubeti akasahau gitaa akampungia mkono mtu asiyemjua, kama alivyokuwa akifanya yule. Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Wengine walikuwa wanalia wazi wazi, wanaume wazima, na hakuna aliyewaonea ajabu. Haidari alipofika kwenye maneno ya mwisho ya ubeti, drams ikaanza kutembea, na lile bega la buluu likainuka.

Dadi akaruka.

Waliingia pamoja, mapema, kwa kosa lao lile lile, na ukumbi mzima ukainama nao. Dadi alisikia sauti inamtoka mwenyewe, hakujua ni kicheko au kilio. Alipiga besi kama hakuwahi kuipiga. Kwa muda wa chemko lile Mtoro alikuwa hai, anasumbua, hana subira, na Dadi alikuwa anamkimbilia nyuma asije akaanguka. Aliomba lisiishe. Alitamani kusimama pale mpaka kiyama.

Sihaba akainuka. Akainama kwenye kapu, akaondoa kawa, akatoa jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, akaenda naye hadi ukingoni mwa jukwaa. Kondo alipomwona akaacha kupiga, na wengine wakaacha. Jogoo akawika kwenye kipaza sauti, lakini safari hii hakucheka mtu.

"Mtani," Sihaba alisema, "tumekuona. Tumecheka, tumelia. Chukua chako, utuachie mtu wetu aende."

Kondo akampokea jogoo kwa mikono miwili, akampa mtu wa kumshikia. Kisha akafungua vifungo vya lile shati kimoja kimoja, akalivua, akabaki na fulana. Akalikunja vizuri, akainama, akamkabidhi Sihaba. Yeye akalipakata kifuani, akarudi kitini. Wazee wakaitikia dua fupi kwa sauti ndogo. Bila shati lile Kondo alikuwa mtu mwingine, mfupi zaidi, amechoka, jasho linamtoka.

Akasogea karibu na spika. "Haya, mtani," alimwambia Dadi kwa sauti yake mwenyewe. "Kazi ya mababu nimemaliza. Sasa nipe kazi ya bendi."

Dadi alimwangalia. Pua ilikuwa inamchuruzika na hakuwa na leso. "Nyie Wamatumbi," alisema, sauti ikikwaruza, "hata msibani mnachelewa. Mtu amekufa wakati wa mvua, mnakuja wakati wa kiangazi, na kuku mnamchukua."

Kondo akacheka, akapangusa uso kwa kiganja. Haidari, ambaye alikuwa amesikia, akauanza wimbo upya.

Sasa lilikuwa gitaa la Kondo, safi, lisilo na haraka. Watu walisikiliza, wengine wakaanza kucheza taratibu. Beti zikapita. Dadi alijua linalokuja, alijua kila mtu jukwaani anajua, na alijua kwamba akikosea hapa hakuna wa kumlaumu tena. Hakutazama bega la mtu. Alitazama mbele.

"Zamda shuka dunguni," Haidari akaimba, "ndege wamekwisha lala."

Drams ikaanza kutembea. Kidole cha Dadi kikataka kuruka, akakibana juu ya uzi mpaka kikauma. Lakini migongo ya Kibiti haikuwa imeambiwa lolote. Ukumbi mzima uliinama pale pale ulipozoea, wazee kwa vijana, wa Chumbi na wa Mtunda, mikono mbele, na hakuna gitaa lililoingia. Wakabaki wameinama hivyo, kimya, wakingoja, na Sihaba ameinama kitini na shati lake. Katika pengo hilo Mtoro akaingia peke yake, kwa haraka zake, akapita, na Dadi hakumfuata. Drams ikafika kwenye ngoma kubwa. Kondo akaingia, na Dadi akavuta uzi.